Mgeni Naye Apone: Kuwatunza Wanafunzi Wanaokuja Kujitolea

(Haya ni mazungumzo tuliyokuwa nayo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, pamoja na wanafunzi waliojiandikisha kujitolea wakati wa likizo. Tumeyachapa ili vikundi ambavyo havikuweza kufika viyasome pamoja.)



Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli tunapona. Mwanafunzi akija kwetu kujitolea, vitabu vya hesabu vya kikundi vinanyooka. Watoto wanafundishwa hisabati jioni. Mtaro wa maji uliotushinda miezi mitatu unamalizika kwa wiki mbili, kwa sababu kijana akishika jembe na wengine wanaona haya kukaa kivulini. Tunashukuru sana kwa hayo.

Lakini leo tunauliza upande wa pili wa methali hiyo. Na mgeni je? Naye atapona? Huyu ni mtoto wa mtu. Kuna mama mahali fulani ambaye hajalala vizuri tangu mtoto wake apande matatu kuja huku. Siku akirudi nyumbani, je, atarudi na afya aliyokuja nayo?

HESHIMA INAYOFICHA HATARI

Tukiwauliza ni kitu gani kinachomhatarisha mwanafunzi wa kujitolea, wengine mtasema nyoka, wengine wezi, wengine mbu. Yote ni kweli. Lakini sisi tunaona kuna kitu kinachozidi hayo, nacho ni kunyamaza. Mgeni ananyamaza kwa heshima, na mwenyeji naye ananyamaza kwa heshima.

Hebu fikirini. Mama mwenye nyumba anampa mgeni kikombe cha maji ya mtoni. Mgeni anajua hayajachemshwa, lakini atakataaje mbele ya mama aliyembebea maji hayo kichwani? Anakunywa. Kesho yake anaambiwa apande pikipiki moja na watu wengine wawili. Anaogopa, lakini anapanda, asije akaitwa mtoto wa mjini. Kichwa kinamwuma tangu jana. Anameza panadol, anaenda shambani, maana alikuja kusaidia, hakuja kulala. Au ni msichana, na mzee mmoja anayeheshimika anamshika mkono kwa muda mrefu mno. Msichana anatabasamu na kunyamaza.

Sisi wenyeji nasi tuna kunyamaza kwetu. Tunaona mgeni hali chakula, lakini hatumwulizi, asije akadhani tunampeleleza. Tunamwona amekaa peke yake nyuma ya nyumba jioni tatu mfululizo, tunasema labda ndivyo watu wa chuo walivyo.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kifanye jambo moja siku ya kwanza mgeni anapofika. Mwenyekiti asimame mbele ya watu wote, na si kwa siri, amwambie mgeni maneno mawili: "Hapa kwetu ukisema hapana hujatuvunjia heshima. Na ukisema naumwa, hatutakuita mvivu." Watu wa kijiji wakisikia, wote wanajua. Mgeni naye anakuwa na mahali pa kusimama. Hayo mengine yote tutakayosema leo yanategemea maneno hayo mawili.

KABLA MGENI HAJAFIKA

Haya basi, tuanze na maandalizi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sawa, lakini kabla ya jembe kikundi kiketi, na katibu aandike mambo yafuatayo kwenye daftari:

(a) Jina la mwanafunzi, chuo au shule yake, na simu za watu wawili wa kwao. Simu moja haitoshi, inaweza kuwa imezima.

(b) Ugonjwa wowote alio nao, kama pumu, kifafa, kisukari au selimundu, dawa anazotumia, na dawa au chakula kinachomdhuru. Haya ni siri. Yajulikane kwa watu wawili tu, si mada ya sokoni.

(c) Kama amejiandikisha na SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Kama bado, ajiandikishe kabla ya kusafiri.

(d) Kazi atakayofanya, siku zake za kazi, na siku yake ya kupumzika.

(e) Walezi wake wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Kwa nini wawili? Kwa sababu kuna mambo ambayo msichana hatamwambia baba, na kijana hatamwambia mama. Na ikiwa mlezi mmoja ndiye mwenye makosa, bado kuna wa pili wa kuendea.

Jambo la mwisho la maandalizi ni pesa. Mnakumbuka yule Msamaria katika Luka mlango wa 10? Hakuishia kufunga majeraha. Alimpandisha yule mtu kwenye mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akaacha pesa za matunzo. Basi mweka hazina atenge nauli ya dharura ya kutosha kufika hospitali usiku, na akubaliane mapema na mtu mwenye gari. Namba ya dereva huyo iandikwe ukutani mahali mgeni anapolala. Saa nane za usiku si wakati wa kufanya harambee.

MALARIA HAIMWONI MGENI KAMA INAVYOTUONA SISI

Sisi tuliokulia karibu na ziwa au huko pwani tumeumwa na malaria tangu utotoni, na mwili umejifunza kupambana nayo kiasi. Ndiyo maana mtu mzima wa hapa anaweza kupata homa, akalala siku moja, kisha akaonekana tena shambani. Lakini mwanafunzi aliyekulia Nyeri, Nyandarua au Limuru mwili wake haujawahi kukutana na ugonjwa huu. Ataugua vibaya kama mtoto mdogo. Hata mtoto wetu wenyewe akikaa Nairobi miaka kadhaa, kinga aliyokuwa nayo hupungua. Akirudi likizo tusiseme, "Huyu ni wa hapa, amezoea."

Malaria ya aina iliyo nyingi kwetu isipotibiwa inaweza kuwa kali na kuua ndani ya saa 24. Kwa hiyo kanuni ni moja: mgeni akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo. Tusingoje kesho wala kumaliza kazi kwanza, na tusinunue vidonge dukani kwa kubahatisha. Dalili zinaweza kuwa homa, baridi, kuumwa kichwa, viungo, kutapika, hata kuharisha. Akianza kuchanganyikiwa, kushikwa na degedege au kupumua kwa shida, hapo ni hospitali moja kwa moja.

Wazee wanakumbuka klorokwini. Siku hizo zimepita, mdudu wa malaria aliizoea dawa ile. Tangu mwaka 2006 dawa inayotolewa kwanza katika hospitali za serikali hapa Kenya ni ile ya mseto watu waiitayo AL. Humezwa kwa siku tatu, mara mbili kwa siku, pamoja na chakula. Wengi hujisikia vizuri siku ya pili na kuacha. Mlezi ahakikishe mgeni amemaliza.

Kinga ni neti yenye dawa, isiyo na matundu, iliyopenyezwa chini ya godoro. Kikundi kiitundike kabla mgeni hajafika. Mkimkabidhi neti ikiwa bado ndani ya mfuko, ataona haya kuomba misumari. Nanyi wanafunzi mnaotoka sehemu za baridi, kabla ya safari mwulizeni daktari kama mnafaa kupewa dawa ya kuzuia malaria.

MAJI YA KUNYWA NA MAJI YA KUKANYAGA

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kabisa, kisha yawekwe katika chombo chenye kifuniko. Kama hakuna kuni za kutosha, yatiwe dawa ya klorini kulingana na maandishi ya chupa. Tusichemshe ya mgeni peke yake huku watoto wa nyumba wakinywa ya mtoni. Hiyo inamfanya mgeni ajisikie vibaya, na watoto wetu nao wana matumbo. Wote wanywe yaliyochemshwa. Hapo ndipo mgeni anapotuponya kweli.

Karibu na choo kuwe na kibuyu chirizi na sabuni. Mtu akiharisha, maji yanayopotea mwilini ndiyo yanayoua. Apewe ORS. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe vimesawazishwa, si vya mlima. Koroga, anywe pole pole mara kwa mara. Akiharisha damu, au kama maji ya mchele na bila kusimama, mpelekeni hospitali huku mkiendelea kumnywesha njiani.

Kuna maji mengine ambayo hayahitaji kunywewa ili yakudhuru. Kichocho huingia kwa kupenya ngozi, mtu anapokanyaga au kuoga katika maji yenye konokono wa ugonjwa huo. Kipo kando ya Ziwa Viktoria, kipo pwani, kipo katika mashamba ya mpunga ya Mwea. Vijana wanapenda kuogelea baada ya kazi, na sisi tunacheka nao. Tuwaambie ukweli. Kama kazi inawalazimu kuingia majini, wavae buti ndefu za mpira. Na wanaopanda mashua wavae jaketi za kuelea, hata yule anayesema anajua kuogelea.

KAZINI NA NJIANI

Mwanafunzi ana nguvu na moyo, lakini hajui kazi yetu. Anaweza kuwa amesoma vitabu vingi na hajawahi kushika panga. Aonyeshwe kwanza, afanye polepole, avae viatu vilivyofunika vidole. Aulizwe pia kama amechanjwa dhidi ya pepopunda.

Tunasisitiza juu ya visima na mashimo. Mgeni asishushwe kisimani wala katika shimo la choo, hata akiomba mwenyewe. Ndani ya shimo refu hewa inaweza kuwa mbaya bila harufu yoyote. Na pampu ya petroli isiwashwe kamwe ndani ya kisima, wala kwenye mdomo wake wakati mtu yuko chini. Moshi wake huua, na anayeshuka kumwokoa wa kwanza naye huanguka juu yake. Hili si la wageni tu, ni letu sote.

Njiani nako kuna hatari. Katika miaka ya 2021 hadi 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa kila mwaka katika barabara za Kenya. Kwa boda boda sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Kikundi kichague waendeshaji wawili au watatu wanaojulikana, wasiokunywa, wenye helmeti ya abiria. Mgeni asisafirishwe usiku isipokuwa kwa dharura ya hospitali. Ninyi wanafunzi, mkiona dereva amelewa, shukeni. Nauli iliyopotea itarudi.

HESHIMA YA MWILI

Sasa tunafika pagumu, na tunaomba tusiangalie chini.

Msichana mwanafunzi akija kijijini, wapo watu wanaomwona kama tunda lililoanguka njiani. Wengine ni vijana, wengine ni wazee wenye wajukuu, na wakati mwingine ni mtu ambaye kikundi kinamtegemea kwa michango. Hata wavulana husumbuliwa, nao hunyamaza zaidi. Kikundi kiseme wazi mapema: mgeni hagusiki. Anayetoa mabati hapati ruhusa yoyote juu ya mtoto wa mtu.

Alale katika nyumba yenye familia na mlango unaofungwa kwa ndani. Choo na mahali pa kuogea pasiwe mbali gizani. Asitumwe peke yake jioni. Asipelekwe kwenye chang'aa, na kama yeye mwenyewe anapenda kunywa, mlezi amkanye kama mzazi.

Na ikitokea mtu amelazimishwa? Kwanza mwaminini. Msimwulize alivaa nini. Asioge, na nguo zake zisifuliwe, ziwekwe katika mfuko wa karatasi. Apelekwe hospitali mara moja. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inafaa ikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Atapata pia matibabu ya kuzuia mimba na magonjwa mengine. Kisha polisi. Simu ya bure namba 1195 inasaidia waliodhulumiwa, na namba 116 ni ya watoto. Tangu mwaka 2006 tunayo Sheria ya Makosa ya Kingono. Kubaka si jambo la kumalizwa na wazee kwa mbuzi wawili. Mkilimaliza hivyo, mmemfundisha mkosaji bei yake.

Nanyi wanafunzi, jambo hili linawahusu pande zote mbili. Watoto na wasichana wa kijiji wameachwa mikononi mwenu. Msikae na mtoto peke yenu mahali pa kujificha. Fundisheni mahali peupe, mlango ukiwa wazi. Msitoe zawadi za siri wala kuchukua namba za wanafunzi wa shule kwa mazungumzo ya usiku. Ukimwharibia mtoto maisha, kujitolea kwako hakutakutetea.

MOYO NAO HUCHOKA

Wiki ya kwanza huwa na furaha. Ya pili au ya tatu mgeni anaanza kukumbuka kwao. Lugha hajaizoea, kila mtu anamtazama akila, watoto wanamfuata hadi chooni. Labda alienda kutembelea wagonjwa nyumbani, akaona mama wa rika la mama yake akiteseka, na hajui la kufanya na uchungu ule. Halii mbele za watu. Ananyamaza tu.

Mlezi amwite mara moja kwa wiki, wakae chini ya mti, wanywe chai. Asimwulize, "Uko sawa?" kwa maana jibu litakuwa "niko sawa." Amwulize, "Wiki hii ni kitu gani kilichokuwa kigumu?" Swali hilo linafungua mlango. Mpeni siku ya kupumzika kweli kweli, apige simu kwao, afue nguo zake, aende kanisani kama anapenda au abaki nyumbani kama amechoka. Na kama anaomba kurudi kwao kabla ya wakati, msimwaibishe. Mpeni nauli na mshukuru. Kijana aliyerudi nyumbani mzima anaweza kuja tena mwakani.

SIKU YA KUAGANA NA BAADA YAKE

Wengi hudhani kazi ya kikundi inaisha matatu ikiondoka. Si hivyo. Kwa kawaida malaria huonekana siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu, na mara nyingine hukawia zaidi. Kijana anaweza kuondoka kwetu akiimba, akaugua akiwa kwao Nyeri, na watu wakadhani ni mafua ya baridi. Kwa hiyo katibu amwandikie karatasi ndogo aiweke mfukoni: "Nilikaa sehemu yenye malaria kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani." Akipata homa katika miezi mitatu inayofuata, amwonyeshe daktari na aombe kupimwa. Kama aliingia katika maji ya ziwa au ya mpunga, apimwe pia kichocho. Kina dawa, hakuna haja ya kukibeba.

Wiki mbili baada ya kuagana, mwenyekiti ampigie simu. Ni dakika tatu tu. Amwulize afya yake, amsalimie mama yake. Huyo mama atawaambia jirani zake, "Mtoto wangu alikaa na watu." Hiyo ndiyo sifa itakayotuletea wanafunzi wengine, kuliko barua yoyote tutakayoandika chuoni.

Wapendwa, hatuhitaji mfadhili kwa mengi ya haya. Neti, ndoo yenye kifuniko, daftari la katibu, nauli ya dharura na walezi wawili waaminifu ni vitu vinavyowezekana katika kikundi chochote. Lakini hata mkiwa navyo vyote na mgeni akaogopa kusema, havitamsaidia. Basi tukirudi vijijini tuanze na yale maneno mawili, yasemwe mbele ya watu wote.

Mungu awabariki nyote, na awalinde vijana wetu njiani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mgeni wetu wa mwisho alipougua, ni nani aliyejua kwanza, na baada ya muda gani?

2. Katika kijiji chetu, ni mambo gani ambayo mgeni anaona aibu kuyakataa? Tunawezaje kumrahisishia?

3. Ni mwanamke yupi na mwanamume yupi tunaowaamini kuwa walezi? Kwa nini hao?

4. Gari la kwenda hospitali usiku litatoka kwa nani? Nauli iko kwa nani leo?

5. Kama aliyemkosea mgeni ni mtu mkubwa katika kikundi, tutafanya nini? Tukubaliane sasa, kabla halijatokea.